Datsun 240Z iliyotoka mashindanoni: kufuata dalili moja moja hadi irudi barabarani

Gari lilifika gerejini kwetu Kizota, Dodoma, juu ya trela kutoka Arusha. Rangi yake nyekundu ilikuwa imefifia, na milangoni bado palionekana alama za namba za mashindano zilizobanduliwa. Mwenye gari, mzee mstaafu wa Area C, alikuja asubuhi iliyofuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, mimi sitaki kushindana na mtu. Nataka kwenda nalo Kondoa kumsalimia dada yangu, nirudi bila kuvutwa."

"Limekuwa na shida gani?"

"Wameshalishika mafundi watatu. Kila mmoja amebadilisha kitu, na shida ziko palepale."

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya jibu hilo. Gari la mashindano likirudishwa barabarani huonekana bovu kila kona: linazimika kwenye makutano, linachemsha foleni ya Mtumba, breki hazishiki asubuhi, klachi inarusha gari kama punda aliyeshtuka. Fundi akizisoma dalili hizo kama anavyozisoma kwenye Corolla au Noah iliyochoka, atatoa kifaa kizima na kuweka kingine kizima, na mteja atalipa mara mbili. Kwa gari la aina hii mimi huanza na swali moja: kifaa hiki kiliwekwa hapa kifanye kazi gani? Mara nyingi kinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila kazi hiyo haipo tena.

Datsun 240Z ina historia ya barabarani hapa kwetu. Ilishinda East African Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Safari ya miaka ile ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi kwa kila mtu, zenye malori, ng'ombe na mabasi, na magari yalikuwa na namba za usajili, taa na honi. Kwa hiyo rali yenyewe haikulitoa gari hili barabarani. Kilicholitoa ni marekebisho ya baadaye ya mbio fupi za kiwanja, ambako hakuna foleni, hakuna kuwasha asubuhi ya baridi, na mashine hufunguliwa kila baada ya wikiendi chache.

Kabla ya kushika spana

Piga picha. Andika kila kilichofungwa: aina ya kabureta, namba za jeti (vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta), namba ya plagi, pedi za breki, springi, ukubwa wa tairi. Usirekebishe chochote siku hiyo. Ukishaanza kufungua bila kumbukumbu, hutajua tena kipi kilitoka kwa mwenye mbio na kipi kiliwekwa na fundi aliyekutangulia.

Chukua na kadi ya gari. Kwenye 240Z namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha mashine na kabini. Ya usukani wa kulia iliyouzwa nje ya Japani huanza na HS30, ya kushoto HLS30. Namba ya mashine imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa kulia, ikianza na L24 kama ndiyo mashine yake ya asili. Magari ya mbio hubadilishwa mashine kama viatu. Namba zikipishana na kadi, malizaneni na TRA, mamlaka ya mapato, mapema, maana hakuna uchungu kama kumaliza kazi ya miezi minne kisha gari likakaa uani likisubiri karatasi.

Linawaka, lakini halina sailensa na linamisi mpaka ulikanyage sana

Sailensa ni mashine kuunguruma yenyewe bila mguu kwenye mafuta, na kumisi ni silinda kuruka moto. Hii ndiyo dalili itakayokula muda wako mwingi, na ndiyo iliyowashinda mafundi watatu wa mwanzo. Mmoja alibadilisha pampu ya mafuta, mwingine koili, wa tatu akaweka distribyuta nyingine, yaani kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Gari lilibaki vilevile: chini ya mizunguko 2,500 kwa dakika linakohoa na kutema moshi mweusi, juu ya hapo linakuwa chui.

Tofautisha kwanza. Kama shida ipo kwenye silinda moja au mbili tu, hiyo ni hitilafu ya kweli. Washa mashine, vaa glovu nzito, na kwa koleo lenye mpira chomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa na mashine isibadilike, silinda hiyo ilikuwa imelala. Angalia mpangilio wa waya pia: L24 huwaka kwa utaratibu wa 1-5-3-6-2-4, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele, na rota ya distribyuta huzunguka kinyume cha saa. Nimekuta gari ambalo mtu alipanga waya kwa kufuata saa. Lilipiga mlio kwenye kabureta mpaka kuku wa jirani wakahama uani.

Kama silinda zote sita zinakohoa sawasawa, acha kutafuta kifaa kibovu. Toa plagi zote, zipange mezani kwa mpangilio wake, usome namba. Kwa plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. 240Z ya barabarani hutumia BP6ES. Gari la mzee lilikuwa na namba 9. Plagi ya 9 hukaa safi ukienda mizunguko 6,000 muda wote, lakini ukitembea taratibu kutoka Sabasaba hadi Makole haifiki joto la kuchoma masizi yake. Inakuwa nyeusi, inakuwa na unyevu wa petroli, inaanza kumisi. Weka BP6ES mpya, zungusha mji nusu saa, kisha ndipo useme lolote kuhusu kabureta. Bei yake ni ndogo kuliko kipuri chochote kilichobadilishwa kabla.

Plagi zikiwa sahihi na bado ni nyeusi, nenda kwenye petroli. Gari hili lilikuwa na kabureta tatu za Weber, kila moja ina matundu mawili, yaani kila silinda ina tundu lake. Jeti zake zilichaguliwa Pwani. Dodoma ipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa takribani asilimia 12. Petroli inabaki ileile, hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito. Kabla ya kubadili jeti hakikisha floti (maboya yanayofunga petroli kabureta ikijaa) zinafunga, maana floti iliyoloa au sindano yenye uchafu hufurisha kabureta na kukudanganya kwamba jeti ni kubwa. Pima pia presha ya pampu. Kama mwenye mbio aliweka pampu ya umeme ya nguvu bila kifaa cha kupunguza presha, itaishinda sindano ya floti kila utakaposimama kwenye taa.

Kisha linganisha hewa ya kabureta zote tatu. Ukiwa huna kipimo, tumia kipande cha mpira wa hosi sikioni: sauti ya kuvuta iwe moja kwenye matundu yote sita. Kazi hii inahitaji subira na utulivu, nami huifanya alfajiri kabla vyuma vya jirani havijaanza kugongwa.

Ukifika hapa na mashine bado inatikisika gari likiwa limesimama, mtuhumiwa aliyebaki ni kamshafti, ufito unaofungua vali. Kamshafti ya mbio huacha vali ya kuingiza na ya kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, na kwenye mizunguko midogo moshi hurudi kwenye njia ya hewa. Hakuna jeti wala skrubu itakayoiponya hiyo. Mwambie mwenye gari ukweli: ama akubali sailensa ya juu yenye mtikisiko, ama kamshafti ya kawaida irudi. Tulirudisha ya kawaida. Vali nikazipima mashine ikiwa ya moto, milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za kutoa. Vipimo hivyo ni vya kamshafti ya kiwandani. Ya mbio ina vipimo vyake kutoka kwa aliyeitengeneza, usivichanganye.

Kwa mtu anayetaka gari la kwenda Kondoa na kurudi, Weber tatu ni nyingi. Kabureta mbili za Hitachi zilizokuja na gari zinasamehe zaidi, zinahitaji tu oili nyepesi kwenye mnara wa pistoni zake. Mzee alizipenda Weber kwa sura na akazibakiza. Ni haki yake, nami nikamwonyesha gharama ya mafuta kwa kilomita kabla hajaamua.

Linanoki likipanda mlima kwenye gia kubwa

Mlio wa kokoto ndani ya mashine, hasa mchana wa jua kali wa Oktoba. Mashine ya mbio hubanwa zaidi kwa kusaga hedi (kichwa cha mashine) au kuweka pistoni zenye kichwa kirefu, na hutegemea petroli maalumu. Petroli ya kituo cha kawaida inalipuka kabla ya wakati. Watu wa nyanda za juu tuna nafuu kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lisilonoki Dodoma linaweza kunoki likiteremka Dar es Salaam. Usiseme gari limepona kwa majaribio ya hapa peke yake.

Anza na taimingi, yaani wakati cheche inaporuka. Distribyuta ya mbio mara nyingi hufungwa isijisogeze yenyewe, ikakaa mbele muda wote. Irudishe iwe ya kujisogeza kwa vijiwe na springi zake, na kama bado ina platini (swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche), iweke kati ya milimita 0.45 na 0.55. Taimingi ikiwa sahihi na mlio upo, pima unene wa hedi.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa mashine nyingine hawalijui. L24 ina kamshafti juu na cheni ndefu. Hedi ikisagwa, kamshafti inashuka karibu na kranki, mhimili mkuu wa chini, cheni inalegea, na taimingi ya vali inachelewa. Mashine inakuwa nzito chini, na fundi analaumu kabureta. Gia ya kamshafti ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3, yaliyowekwa kiwandani kwa ajili ya cheni iliyorefuka. Angalia ipo tundu gani. Kama imefungwa kwenye la kwanza na hedi imesagwa, kuhamia la pili au la tatu kunaweza kurudisha nguvu bila kununua kitu. Kama hedi imesagwa sana, minara ya kamshafti inatakiwa kuinuliwa kwa vibati vya unene uleule uliosagwa.

Linachemsha likisimama, linapoa likitembea

Dalili hii peke yake imekwishakupa jibu. Rejeta linalopoa kwenye mwendo ni zima. Kinachokosekana ni upepo gari likiwa limesimama. Wenye mbio hutoa feni kwa sababu inakula nguvu, na hutoa na kava linaloelekeza upepo kwenye rejeta. Rudisha vyote viwili. Feni bila kava inazungusha hewa ileile ya moto. Kagua pia kama mbele ya rejeta kuna rejeta la oili linaloziba njia. Lisogeze pembeni au litoe, kwa safari za kawaida halihitajiki.

Sasa themostati. Gari la mzee halikuwa nayo, na magari mengi ya Dodoma hayana, kwa sababu tumezoea kuitoa gari linapochemsha. Nalisema kwa uzito wote: rudisha themostati. Bila hiyo mashine inatembea baridi usiku kutoka Singida, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na oili inakuwa nyembamba. Ya 240Z hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ichemshe kwenye sufuria pamoja na kipimajoto uone ikifunguka kabla ya kuifunga.

Kifuniko cha rejeta nacho si pambo. Kwa mwinuko wa Dodoma maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kinachoshika presha ya kilo 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Springi yake ikichoka unapoteza kinga hiyo yote, na utaona mvuke wakati mashine haina tatizo. Na usijaze maji ya bomba. Maji ya visima vya Makutupora yanaacha ukoko mweupe kwenye birika la chai nyumbani kwako. Ukoko huohuo utaziba mirija ya rejeta na kula hedi ya aluminiamu. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa.

Kama linachemsha likitembea pia, basi ni jambo jingine: rejeta limeziba, pampu ya maji imeliwa mapanga, au gasketi ya hedi inavuja. Mapovu kwenye rejeta mashine ikiwa baridi yanatosha kukuambia ni gasketi.

Oili inapungua na moshi wa bluu unatoka

Uliza kama gari lilikuwa na ea klina. Jibu likiwa hapana, umeshapata chanzo. Tarumbeta za kabureta zilizo wazi zinapendeza kwenye picha, lakini vumbi la barabara ya Hombolo au la viunga vya Nala ni msasa mtupu. Linapita kwenye vali, linakaa kati ya ringi na silinda, linasaga.

Pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote, mashine ikiwa ya moto, kabureta zikiwa wazi kabisa. Usishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu, mwinuko wetu unazipunguza. Tazama tofauti kati ya silinda: ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu kabisa. Iliyo dhaifu itie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni vali au gasketi. Sili za vali zilizokauka pia hutoa moshi wa bluu, ila huo huonekana zaidi unapowasha asubuhi au unapoachia mafuta kwenye mteremko mrefu.

Ea klina iwe ya kwanza kufungwa kabla gari halijatoka getini hata kwa majaribio ya dakika tano.

Breki hazishiki asubuhi, kisha zinashika ghafla

Pedi za mbio hutaka joto. Zikiwa baridi ni kama umebana diski kwa kipande cha ubao. Mwenye mbio huzipasha kwa mzunguko mmoja. Wewe mtoto akikatiza mbele yako kutoka Chang'ombe saa moja asubuhi huna mzunguko wa kupasha. Weka pedi za kawaida mbele na breki shuu za kawaida nyuma, na diski zipigwe msasa au zikerezwe ili mabaki ya pedi za zamani yatoke.

Kanyagio likiwa gumu sana, tafuta busta, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Imetolewa? Irudishe. Kanyagio likiwa laini na kushuka, toa upepo kwa kuanzia gurudumu la mbali na masta silinda, na ubadilishe mafuta yote ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yale ya mbio hunyonya haraka kwa sababu yametengenezwa yabadilishwe mara kwa mara. Yakikaa mwaka kwenye gari lililoegeshwa, mteremko wa Nyang'oro kuelekea Mtera utayachemsha, na kanyagio litafika chini bila kukutana na kitu.

Kitu kingine kinachosahaulika ni breki ya mkono. Magari ya rali huwekewa ya mafuta ili kuvunja mkia kwenye kona. Hiyo haiegeshi gari. Presha yake huvuja taratibu, na gari litaanza kutembea usiku wenyewe mmelala. Rudisha ya waya.

Klachi inarusha, difu linalia kwenye kona

Klachi ya pleti za chuma inashika au haishiki, katikati hakuna. Ongezea flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya mashine) iliyopunguzwa uzito, na gari litazimika kila taa. Tulirudisha pleti ya kawaida ya milimita 225 na flaiwili nzito, na mtikisiko wa sailensa nao ukapungua kidogo.

Mlio wa difu, gia za ekseli ya nyuma, kwenye kona za taratibu, tairi za nyuma zikikwaruza kama mtu anayeburuta kiti, huwafanya wengi wafungue difu zima. Subiri. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, gia ikiwa huru, zungusha moja kwa mkono. La pili likizunguka upande uleule, difu lina klachi ndani na linafanya ilivyokusudiwa. Mwaga oili yake, weka oili maalumu ya difu za aina hiyo, kisha uendeshe ukichora namba nane taratibu kwenye uwanja mpana. Mara nyingi mlio unaisha.

Ukiwa hapo hapo, chora alama ya chaki kwenye gurudumu na kwenye propela, mhimili unaozungusha difu. Zungusha gurudumu mara nane, mwenzako ahesabu propela. Propela ya gari la mzee ilizunguka mara 39, yaani uwiano wa 4.875. Difu la namna hiyo linakimbia vizuri kutoka kwenye kona, lakini kwa tairi za 175 za inchi 14, kwenye kilomita 100 kwa saa na gia ya nne, mashine inazunguka takribani mara 4,080 kwa dakika. Difu la 3.9 lingeifanya izunguke 3,270 hivi. Kwa safari ya kilomita 160 kwenda Kondoa hiyo ni tofauti ya masikio, mafuta na umri wa mashine. Tulibadilisha.

Harufu ya petroli au moshi ndani ya kabini

Usilizoee hili hata siku moja. Moshi wa ekzosi una gesi isiyo na harufu inayolevya na kuua, na 240Z ina tabia inayojulikana: ikitembea na vioo vikiwa wazi, hewa ya nyuma ya gari inavutwa kuingia kupitia mlango wa nyuma. Ekzosi ya mbio iliyokatwa fupi inamwaga moshi palepale inapovutwa.

Harufu ikiwa ya moshi, chukua karatasi, ifunge kwenye mlango wa nyuma, uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umekufa mahali hapo. Kagua pia mipira ya taa za nyuma na matundu ya waya yaliyoachwa wazi baada ya kutoa vifaa. Refusha bomba la ekzosi lipite bampa, na rudisha kopo la kupunguza sauti, ambalo askari wa usalama barabarani watalitaka pia.

Harufu ikiwa ya petroli mbichi, hasa tenki likijaa, tazama mirija ya mvuke inayopita nyuma ya pambo la ubavu wa nyuma ndani ya gari. Mpira wa miaka hamsini hupasuka ukiukunja kwa kidole. Badilisha yote, hata uliyoona mizima.

Umeme: betri inakufa, fyuzi zinayeyuka

Kwa ufupi. Waya za mbio huvutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri bila fyuzi. Zifuate moja moja, uzitoe zisizo na kazi. Taa kubwa za 240Z hupitisha umeme wote kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi, kwa hiyo ukiweka balbu za nguvu boksi linayeyuka. Funga rilei, swichi inayobeba umeme mkubwa badala ya ile ya usukani, karibu na betri. Swichi kuu ya kukata umeme ibakize, ni kitu kizuri.

Linavuta upande na kula tairi ndani

Alaimenti ya mbio hupinda tairi kwa ndani ili zishike kwenye kona. Barabarani zitaisha ndani miezi miwili. Lakini usilipeleke kwenye mashine ya alaimenti kabla hujakagua bushi, boljointi na tairodi endi, na kabla hujagonga chini ya bati kwa bisibisi. Ngao ya chini ya rali huhifadhi matope, na matope huhifadhi kutu. Ukame wa Dodoma ni rafiki wa bati la zamani, ila gari hili liliwahi kuishi karibu na bahari, na chini ya sahani ya betri bisibisi ilipita kama kwenye karatasi. Fundi bodi alikaa nalo wiki tatu.

Majaribio

Usiende mbali siku ya kwanza. Tulianza kuzunguka Kizota na Area C, kisha Ihumwa na kurudi, kisha Chamwino, kila mara tukitazama chini kama kuna tone. Mara ya nne tulienda Kibaigwa mchana wa jua kali, tukasimama dakika ishirini mashine ikiwa inaunguruma. Sindano ya joto haikusogea.

Kondoa tulikwenda Jumamosi, mzee akiendesha, mimi pembeni na boksi la spana miguuni. Alipoingia ndani kwa dada yake nilisubiri mashine ipoe, nikafungua plagi zote sita na kuzipanga kwenye kitambaa juu ya bawa la gari. Tano zilikuwa na rangi ya kahawia ya udongo wa kichuguu. Ya sita, ya nyuma kabisa, ilikuwa nyeusi kidogo pembeni. Nikaandika kwenye daftari: floti ya kabureta ya tatu, ipimwe Jumatatu.